Mzigo Uliofika Peke Yake

Tulimzika Mwalimu Akonaay nyumbani kwake Karatu, kwenye kipande cha shamba alichokuwa akipanda mbaazi. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na ule udongo wetu mwekundu ulitushika viatu sote, wazee kwa vijana. Kijana wa kanisani alisoma wasifu wa marehemu: shule alizofundisha, watoto aliowaacha, kwaya aliyoiongoza. Ulikuwa wasifu mzuri. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wapishi, karibu na masufuria ya pilau, nikamwona mama mmoja mrefu aliyejifunga shuka la buluu akishushwa garini na mjukuu wake. Sikumtambua kwa sura, maana miaka ilikuwa imepita juu ya uso wake kama ilivyopita juu ya wangu. Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama kwanza, mkono kifuani, akavuta pumzi na kuitoa taratibu kabla ya kupiga hatua. Ndivyo wagonjwa wetu walivyofundishwa wodini. "Naishiye," nilisema. Alinishika mikono yote miwili na hakuiachia mpaka tulipoletewa chakula. Tulikula sahani moja. Akanong'ona, "Wamesoma yote, lakini ya kule wodini hawakuyasoma." Nikamwambia vijana hawayajui. "Hata ya kile chombo?" Nikamwambia hata hayo. Alimaliza tonge lake, kisha akasema, "Basi tumebaki wawili."

Nimerudi nyumbani nikiwa na maneno hayo kichwani, na kwa kuwa siku hizi usingizi haunikubali sana, nimeamua kuyaandika mambo ya mwaka ule wakati bado tuko wawili.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Malori mengi yalichukuliwa kwenda mstari wa mbele, mafuta yakawa ya kutafutwa, sukari na sabuni vikawa hadithi. Nilikuwa msichana niliyetoka shule karibuni, nimeajiriwa kama mhudumu wa wodi kwenye kituo kidogo cha misheni huko juu, ng'ambo ya kreta, lile shimo kubwa la volkano, kwenye njia ya kushukia Endulen. Kituo chenyewe hakipo tena. Mara ya mwisho nilipopita niliona msingi tu na mti wa mbono uliojiotea mahali palipokuwa jikoni. Lakini nikifumba macho naiona ile wodi ya kifua kikuu ilivyokuwa: jengo refu la mbao na mabati, wanaume mkono wa kulia, wanawake mkono wa kushoto, na katikati jiko la mkaa lililowaka kutwa kwa sababu baridi ya kule haikujali kwamba watu ni wagonjwa. Mbele kulikuwa na baraza lililotazama vilima, na jua likitoka tuliwaanika wagonjwa wetu pale kama nafaka. Asubuhi uji wa ulezi, mchana makande, jioni maziwa yaliyoletwa na ndugu zao katika vibuyu. Maziwa yale yalinukia moshi, kwa sababu vibuyu vya Wamaasai husafishwa kwa kijinga cha moto. Mwalimu Akonaay, Mwiraqw mwenzangu, siku za kwanza aliyakataa, akasema yanamkumbusha nyumba inayoungua. Baada ya miezi michache alikuwa akigombana nami nikimpa yasiyo na moshi.

Alikuwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, hajafika miaka thelathini na mitano, mwembamba hata shati la wodi lilimpwaya kama limetundikwa. Kilichomfanya ajulikane si ualimu, ni redio. Betri hazikupatikana madukani, kwa hiyo zake alizianika kwenye ukuta wa baraza tangu asubuhi zipate nguvu kidogo, na jioni tulipata matangazo ya robo saa au zaidi kabla sauti haijaanza kuzama. Wengi walitaka habari za vita, maana walikuwa na ndugu huko. Habari za vita zikiisha, Mwalimu alizungusha kitufe polepole mpaka akawapata Warusi, waliokuwa wakitangaza kwa Kiswahili. Alikuwa akifuatilia jambo moja. Wanaume wawili walikuwa wakiishi angani, ndani ya kituo kinachoizunguka dunia, na walipaswa kukaa huko miezi.

Jioni moja alisikiliza sikio likiwa limegusa redio, kisha akageuka akiwa na uso wa mtu aliyepata mgeni. Alisema wale watu wawili wamepelekewa chombo cha mizigo, na ndani ya chombo hakuna mtu.

Aliyeuliza alikuwa Naishiye. Alikuwa Mmaasai wa umri kama wangu, amesoma hadi darasa la nne huko kwao, na amelazwa pale huku mtoto wake mdogo, Lemayian, ameachwa kwa bibi yake. "Kama hakuna mtu, wanakivuta kwa kamba?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. "Umeuliza vizuri. Kamba yake ni redio. Walio chini wanakipa amri, nacho kinasikia. Kikikaribia kituo kinautafuta mlango chenyewe, kinaingiza kichwa, kinashikwa."

"Kimebeba nini?"

"Chakula. Maji. Mafuta ya kituo. Barua kutoka kwa wake zao. Na hewa."

"Hewa gani?"

"Hewa ya kuvuta. Kule hakuna."

Katika wodi ile kila mtu alijua maana ya kuitafuta hewa, na nadhani ndipo wale Warusi wawili walipoacha kuwa habari za redioni wakawa kama wagonjwa wenzetu waliolazwa mahali pa mbali zaidi. Tangu siku hiyo hata wazee wasiojua Kiswahili walimwuliza Naishiye asubuhi kama wale wa juu wamekula. Yeye aliwatafsiria kila kitu, na pale asipoelewa alirudi kwa Mwalimu.

"Kikishashusha mzigo kinarudi?"

"Hakirudi. Wanakijaza takataka zao, wanakiachia, kinaanguka kuelekea baharini. Kinaungua njiani."

Naishiye alilifikiria hilo. "Punda wetu akileta maji hatumchomi."

"Hakina uhai, Naishiye. Ni chuma."

"Lakini kimefanya kazi," alisema, na hakuridhika. Nilimwona siku mbili tatu bado linamkera.

Mume wake, Saning'o, alikuja mara kwa mara na kibuyu cha maziwa. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na alikuwa na adabu ya kuketi kwenye ngazi ya baraza bila kuingia, maana Sista Anselma, aliyekuwa akiongoza kituo, hakuruhusu wageni kupita mlangoni. Alinisalimu "Takwenya," nami nilikuwa nimejifunza kuitikia "Iko," na hapo Kimaasai changu kiliishia. Wawili wale walizungumza huku wameachiana nafasi, yeye ngazini, mkewe kwenye kiti karibu na ukuta, na ukiwatazama ungedhani wanajadili bei ya ndama. Lakini nilikuwa msichana, na wasichana huona. Siku Naishiye akikohoa sana, Saning'o aliinamisha kichwa akaanza kuchora ardhi kwa fimbo, na hakuinua macho mpaka kikohozi kimekwisha.

Hakuamini habari za chombo. Mwalimu akamwambia asubiri giza liingie. Jua lilikuwa limezama, juu bado kuna mwanga kidogo, tukatoka na mablanketi. Nyota moja ilitokea upande wa kreta, haimetameti, inakwenda. Nyuma yake, si mbali, ikaja nyingine hafifu zaidi, inafuata njia ileile. Hata waliokuwa na kikohozi walikizuia.

"Huyo wa nyuma ndiye mzigo?" Saning'o aliuliza, na Naishiye akatafsiri.

"Sina hakika," Mwalimu alisema. "Huenda."

"Anamfuata mwenzake kama ndama," Saning'o akasema. Akasimama akitazama mpaka vimezama vyote viwili upande wa pili, na aliposhuka ngazi kwenda nyumbani nilimsikia akicheka peke yake gizani, kicheko kidogo cha mtu aliyefurahi.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nayakumbuka hayo waziwazi kuliko harusi yangu mwenyewe. Nadhani ni kwa sababu zilikuwa jioni za mwisho ambazo sote tulikuwa hatujui lolote.

Masika yalikuja kwa hasira. Barabara ya ukingoni mwa kreta ikageuka tope, na dawa zikaanza kupungua. Sista hakuwaficha wagonjwa. Alisimama katikati ya wodi, mikono ndani ya mifuko ya koti lake, akasema sindano zilizobaki ni chache, na kwamba mtu akikatizwa matibabu ugonjwa hurudi ukiwa na nguvu kuliko mwanzo. Kisha redio ya mawasiliano ikatuletea habari njema nusu: lori limetoka Karatu na dawa, limepita lango la hifadhi, limepanda, na limezama huko juu msituni mpaka kwenye ekseli. Gari letu lilikuwepo lakini tangi lilikuwa kavu.

Saning'o alikuwa ngazini siku hiyo. Mkewe alipomweleza, alisema ataleta punda. Wanaume wawili wa rika lake waliokuwa wamekuja kuona wagonjwa walimcheka, kwa sababu kwao kumpakia punda na kumswaga ni kazi ya wanawake, na mwanamume mzima hajionyeshi njiani nyuma ya punda. Hakukasirika. Naishiye alinitafsiria jibu lake baadaye, akiwa na haya kidogo usoni. Alisema, "Mwenye kazi hiyo amelala humo ndani. Basi ni yangu mpaka atoke."

Aliondoka na punda wanne na binamu yake mmoja. Kabla hajaondoka alimwambia mkewe anywe yale maziwa kabla hayajachacha. Hakumwambia neno jingine, na hakukuwa na sababu ya kumwambia jingine. Alikuwa anakwenda ukingoni na kurudi.

Siku waliyotazamiwa kurudi kulikuwa na ukungu tangu asubuhi. Alasiri ukainuka kidogo, na mmoja wa wagonjwa akaonyesha kidole bondeni, kwenye kijito ambako punda wa boma la Saning'o hunywa maji kila siku. Punda wanne walikuwa wameinamisha vichwa wakinywa, na mgongoni mwao, chini ya mifuko ya ngozi, tuliziona pembe za maboksi. Wodi nzima ilitoka. Sista aliteremka mbio, sketi ameishika mkononi, mimi nyuma yake, na wagonjwa waliotakiwa kubaki barazani wakatufuata polepole. Maboksi yalikuwa mazima. Tulifungua moja palepale na vichupa vilikuwa vimejipanga humo ndani bila hata kimoja kuvunjika. Mtu mmoja alianza kuimba. Mwalimu alikuwa amefika akiwa hana pumzi, ameshika magoti, anacheka kwa furaha ambayo sijapata kuiona tena kwake.

"Mnaona?" alisema. "Wamefika kama chombo cha Warusi. Bila dereva."

Sote tulicheka. Na mimi nilicheka. Naishiye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha. Alikuwa amesimama kando ya punda wa mbele, mkono juu ya shingo yake, anatazama njia waliyojia. Ilikuwa tupu mpaka mahali ukungu ulipoanzia.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Tulijipa majibu. Labda amepumzika. Labda amebaki na lori na binamu yake. Labda anakuja nyuma. Naishiye aliitazama kamba iliyofungwa shingoni mwa yule punda. Ilikuwa imeburutwa kwenye matope, na nchani ilikuwa imekatika. Aliishika ile ncha kwa vidole viwili, akaiachia, akapanda mlima kurudi wodini bila kungoja mtu amshike mkono.

Walimpata kesho yake, wazee wa kwao pamoja na askari wa hifadhi. Binamu alikuwa amebaki kulinda maboksi ambayo hayakuenea, kwa hiyo Saning'o alikuwa peke yake aliporudi kupitia msituni, na katika ukungu alimkaribia nyati bila kumwona. Ndivyo askari walivyosoma kwenye nyayo. Wazee walimaliza mambo yake kulekule, kwa desturi yao. Sista aliketi kitandani kwa Naishiye akamwambia kwa Kiswahili cha taratibu, na mimi nilisimama upande wa miguu nikiwa nimebeba beseni ambalo sikujua niliweke wapi. Naishiye alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alivua shanga zake moja baada ya nyingine akaziweka ndani ya kikombe cha bati, akajilaza akageukia ukutani. Kwao jina la aliyekufa halitajwi tena, na tangu saa ile sijamsikia akilitaja, wala juzi msibani hakulitaja.

Jioni ile alikataa sindano. Hakubisha, aliufunika mkono wake kwa blanketi tu. Kesho yake vilevile. Sista alimbembeleza, kisha akamkaripia, kisha akatoka nje akasimama barazani amenipa mgongo. Siku ya tatu Mwalimu aliomba ruhusa ya kuingia upande wa wanawake. Niliburuta kigoda nikamwekea karibu na kitanda. Alikaa, mikono katikati ya magoti, kama mwanafunzi.

"Nilisema neno baya pale kijitoni," alisema.

Naishiye hakugeuka. "Hukujua."

"Sikujua. Lakini nililisema, na watu wakacheka, na wewe ulikuwepo. Nalisikia mpaka sasa."

Mkaa ulipasuka kwenye jiko. Mimi nilijifanya nakunja mashuka.

"Mwalimu," Naishiye alisema mwishowe, bado uso ukutani. "Wewe umechomwa ile sindano?"

"Nimechomwa."

"Ya maboksi yale?"

"Ya maboksi yale." Aliyatazama magoti yake. "Kila siku nikichomwa naona aibu. Nachomwa hivyohivyo. Sijui nifanye nini kingine nayo."

Hakumwambia afikirie mtoto, ingawa sisi wote tulikuwa tumeshamwambia. Hakumwambia Mungu amepanga. Alikaa pale mpaka kengele ya chakula, na alipoinuka, Naishiye aliutoa mkono nje ya blanketi. Nilikimbia kumwita Sista kabla hajabadili nia, na mimi ndiye niliyeushika ule mkono wakati sindano inaingia. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

Redio ilinyamaza. Betri hazikuanikwa tena, na wagonjwa wakiuliza habari za vita Mwalimu alisema imeharibika. Najua haikuwa imeharibika, maana niliiona chini ya kitanda chake imefungwa kwenye taulo. Masika yakaisha, lori likatolewa, nyasi zikakauka. Nadhani wiki nyingi zilipita. Siku moja barazani, Naishiye akiwa anapasha mgongo jua, akamwuliza kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Wale wa juu sasa wanakula nini?"

Mwalimu aliingia ndani, akatoka na betri mkononi, akazipanga ukutani moja moja. Jioni tulisikia kwamba chombo kingine cha mizigo kilikuwa kimekwishawafikia, na kingine tena baada ya hicho, sisi tukiwa hatuna habari. Naishiye aliwatafsiria wazee. Na ilipofika siku ya wale wawili kurudi duniani tulikuwa sote tumeizunguka redio. Mtangazaji alisema walitua salama, ila walibebwa, kwa sababu miguu ilikuwa imesahau uzito wa mwili. Mzee mmoja alisema hiyo si ajabu, hata yeye alipolazwa miezi mitatu ilikuwa hivyohivyo. Watu wakacheka kidogo, na Mwalimu akamwangalia Naishiye kwanza kabla ya kujiruhusu kutabasamu.

Mwalimu alitangulia kuruhusiwa. Alirudi Karatu, akaoa, akafundisha mpaka akastaafu, na tulionana sokoni miaka yote hii bila kugusia kijito kile hata mara moja. Naishiye aliruhusiwa mwishoni mwa mwaka. Mafuta yalikuwa yamepatikana tena kidogo, kwa hiyo Sista alinituma nimsindikize kwa gari mpaka bomani, nikiwa na mfuko wa vidonge na maelekezo ya namna ya kuvimeza.

Mama mkwe wake alitupokea langoni. Lemayian, aliyeachwa kabla hajajua kusimama, alikuwa sasa anakimbia. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi na gauni langu jeupe, akajificha nyuma ya shuka la bibi. Naishiye alichuchumaa pale kwenye samadi kavu, akanyoosha mkono. Mtoto hakuja. Bibi alitaka kumsukuma mbele, Naishiye akamzuia kwa neno moja la Kimaasai, akainuka, akaenda kwenye nyumba yake. Mlango wa nyumba zile ni mfupi, mtu mzima huinama mpaka kiunoni ili apite. Aliinama akapita.

Nilibaki nje na mfuko wa vidonge. Nilimsikia akifukua majivu, akivunja vijiti, akipuliza. Alipuliza muda mrefu, taratibu, kwa mapafu yale tuliyoyatunza mwaka mzima. Kisha kupuliza kukakoma, na ndipo akaanza kulia. Haikuwa sauti kubwa. Bibi aligeuka pembeni. Dereva alizima injini. Mtoto aliliachia shuka, akasogea hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akasimama hapo akisikiliza, kichwa kimelala upande. Halafu akainama, ingawa kwa kimo chake hakuwa na haja ya kuinama, akaingia ndani.